Fundo

Mimi hufunga mfuko kwa namna yangu:
nazungusha mara mbili, napitisha ncha chini ya ncha,
nabakiza sikio moja limesimama
kama la mbwa aliyesikia geti.
Alinifundisha mama, kule Isyonje, enzi za rambo,
tulipofungia chumvi, dagaa, hata madaftari siku za mvua.
Jirani yangu Tumpale husema,
fundo lako hata gizani nalijua.

Ndaga alikuwa ng'ombe wetu.
Kinyakyusa hicho, maana yake asante,
na tulimshukuru asubuhi na jioni:
lita tisa, siku nyingine kumi na moja,
maziwa yenye moto wake, Juni ile
Uyole nzima inapotembea imejikunyata.
Ada ya Subilaga ilitoka chini ya tumbo hilo.

Majani yalipoadimika nikanunua maganda sokoni,
ya ndizi, ya viazi, makapi ya kabichi,
gunia kwa mia tano.
Sikuchambua.
Niseme ukweli, sikuchambua. Mkono ulikuwa na haraka.

Akaanza kusimama. Hivyo tu, kusimama.
Hacheui. Ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma.
Bwana mifugo Ambokile akaweka sikio, akagonga,
kama abishaye hodi nyumba isiyo na wenyewe,
akasema, Mama Subi, hapa ni kisu tu.

Sikutaka kuona. Nikaona.
Bonge kubwa kuliko kichwa cha mtoto,
nailoni nyeusi, nyeupe, bluu, zimesokotana na kamba za gunia,
kifuko cha barafu, kifungashio cha karanga.
Ambokile akalimwagia ndoo ya maji
na pale katikati, kama nililolifunga jana,
sikio moja,
limesimama.

Tangu siku hiyo fundo liko kooni.

Husemwa mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Sawa. Lakini mti huoza.
Kuoza ni adabu ya vitu: ganda huaga, jani huaga,
hata sisi tutaaga.
Nailoni haijui kuaga.
Unaitupa mtaroni, mvua inaibeba,
nayo inazunguka mji, inarudi na gunia la maganda,
inaingia kwa mlango wa uani
na kukusubiri tumboni mwa ng'ombe wako.
Tunasema tumetupa huko.
Nimelitafuta hilo huko, kuanzia Igawilo hadi Mwanjelwa.
Kila nilipofika palikuwa mbele ya mlango wa mtu.

Sikugeuka mtakatifu.
Nina kikapu cha milulu, nakisahau mara moja kwa wiki.
Mafuta napimiwa kwenye chupa yangu ileile,
muuza duka ameshaizoea, anaiita mzee.
Dumu lililopasuka nimelikata, lina vitunguu majani.
Chupa za maji Subilaga anamwekea Anyelwisye,
anayepita Jumamosi na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza,
vifuniko huku, chupa kule.
Nikamletea na vifuko laini, nimeviosha.
Akavitazama kwa huruma.
Hivyo havina mnunuzi, mama.

Basi vimo nyuma ya mlango, gunia zima.
Sijui nitavifanyaje.
Najua tu viko wapi,
na hilo zamani sikulijua.

Kikiingia kingine nafungua fundo kwa kucha,
naosha, naanika kambani pamoja na soksi.
Tumpale huchungulia juu ya ua na kucheka:
leo umefua nini, nguo za malaika?

Namwacha acheke.
Kisha gunia lake la maganda nalivuta kwangu,
nalimwaga uani, napiga magoti,
napekua ganda kwa ganda, kama mchele wa Kyela kwenye ungo,
maana sasa ng'ombe ni wa kwake,
ana mimba ya miezi saba,
na ana njaa.