Orofa ya Kumi na Tano

Guaymas, Agosti, saa nane mchana.
Hata kivuli kimeenda kutafuta kivuli.
Mimi, Nereida Bojórquez, fundi wa zamu,
nimegusisha ncha ya bisibisi kwenye kifua cha kompresa
na mpini wake nimeuegemeza sikioni,
kama alivyonifundisha Don Eleuterio
kabla moyo wake mwenyewe haujaanza kuruka mapigo.

Mashine ina pistoni sita. Tunaiita Mjane.
Pacha wake aliungua mwaka wa mafuriko,
na tangu hapo inabeba mizigo ya wawili
bila kumwomba mtu pole.

Leo inahema.

Jana usiku meneja mpya, Urquídez,
kijana ambaye shati lake halijawahi kulowa,
aliteremsha nyuzi kwa kidole kimoja:
kutoka kumi chini ya sifuri
hadi ishirini na tano.
"Baridi zaidi, barafu zaidi," akasema,
kama mtu anayedhani
ukizidisha kelele kiziwi atasikia.

Njoo uguse bomba hili, bwana. Tema mate, yatachemka.
Hapa hatutengenezi baridi.
Tunahamisha joto tu, ndoo kwa ndoo,
kutoka kisimani hadi darini.
Wewe umekichimba kisima kikaenda chini,
na gesi inakuja nyepesi, imekondeana;
kila pigo pistoni inameza nusu tonge
na kulipia sahani nzima.

Na dari nayo imepanda.
Maji yetu yana chokaa,
mabomba ya kondensa yamevaa koti jeupe
Agosti! Nani huvaa koti Agosti?
Joto linafika mlangoni, halioni pa kutokea,
linasukumana, linarudi nyuma,
na geji iliyokuwa ikisimama kumi na mbili
inatetemeka kwenye kumi na tano.

Januari chuma hikihiki,
mota hiihii, mafuta yaleyale,
kilitoa matofali ya barafu hadi tukakosa pa kuyapanga.
Wakakisifu.
Sasa wanasema kimezeeka.

Don Eleuterio anaishi orofa ya tatu, lifti imekufa tangu Pasaka.
"Moyo wangu mzima," huwaambia madaktari,
"ngazi ndizo mbovu."
Madaktari hucheka, wakaandika vidonge.

Usiku tulizima Mjane kwa saa tano.
Manahodha wa kamba walitutukana kutoka gatini,
mama zetu wote wakatajwa.
Tukaingiza asidi, tukaingiza brashi,
Chuy Anguamea akikwangua huku akikohoa,
chokaa ikidondoka vipande vipande
kama maganda ya yai la joka.
Nikarudisha nyuzi kumi chini ya sifuri,
na kile kidude cha kuzungushia
nikakitia mfukoni mwangu. Hadi leo ninacho.

Alfajiri, bisibisi sikioni:
tu-tu-tu-tu, tonge kamili, tonge kamili.
Kumi na mbili.
Mita ya umeme ikatembea
kama mtu anayerudi nyumbani, si kama anayefukuzwa.
Urquídez akaja saa tatu, akaona barafu hadi mlangoni,
akasema, "Mnaona? Nilijua itakubali."
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumechoka,
na kazi ya siku haikuwa imeisha.

Maana sisi sita wa zamu,
na mikono bado inanuka amonia,
tulikwenda mtaa wa Don Eleuterio,
tukakibeba kitanda, naye akiwa juu yake akitoa amri,
tukashuka ngazi arobaini na nane
hadi chumba cha dada yake, chini, pembeni ya jiko.

Alikaa kimya kidogo, akisikiliza kitu ndani yake.
"Geji inasemaje?" akauliza.
"Kumi na mbili."
"Na huko kwenye kufyonza?"
"Kama ulivyoiacha."

Akageukia ukuta, akalala.