Guni

Niseme mapema: sijui kucheza.
Na wimbo wenyewe si wa kwetu, wala si wa rika langu.
Uliimbwa Detroit, mama yangu hajavunja ungo,
na msichana ambaye jina lake limechapwa vibaya kwenye lebo,
herufi moja imerudiwa, nyingine imesahauliwa.
Mimi nimeukuta Rochdale, ghorofa ya pili,
kwa Bi Maureen Ollerenshaw,
niliyepangiwa dakika kumi na tano kila asubuhi:
kumwosha, kumpa dawa, uji, kufunga mlango.

Wimbo unachukua dakika mbili na sekunde arobaini na moja.
Piga hesabu mwenyewe kinachobaki.

Sasa nikueleze ulivyo.
Kwanza sindano inakwaruza,
kama mtu anayefagia uani kabla wageni hawajafika.
Kisha tari. Tari peke yake,
mkononi mwa mtu aliyeshindwa kungoja.
Kisha tarumbeta mbili, moja ina mafua.
Halafu yeye,
na anaingia mapema!
Ngoma haijamfungulia, kinanda bado kinatafuta viatu,
yeye tayari yuko sebuleni,
na akigundua kosa lake anacheka,
anacheka ndani ya neno, neno likiwa nusu,
na hakuna aliyemwambia arudie.

Maalim Shekue, Pangani, alinifunza mizani kwa vidole:
nane za ukwapi, nane za utao.
Ubeti uliopungukiwa aliuita guni,
na daftari lilirudi jekundu kama limechinjwa.
Maalim, niwie radhi.
Guni hili naliweka juu ya tenzi zote nilizokariri,
na nilikariri nyingi, unajua.

Maneno yake mepesi. Mshahara umetoka, anasema.
Umerudi, anasema. Viazi viko motoni.
Basi. Hamsihi mtu asiondoke, hamlaani mtu.
Hapo katikati anarudia "umerudi" mara kumi na moja
na kila moja ni mlango mwingine unaofunguliwa
katika nyumba ambayo, nikitazama kwa nje,
ina vyumba viwili tu.

Jumanne iliyopita nilikuwa nimeshamkausha mgongo,
nimeshika kopo la poda,
Bi Maureen akanikamata kiganja.
"Siyo huko. Mwaga chini."
Nikadhani ni ule usahaulifu wake.
"Mwaga, mwanangu. Jikoni. Viatu viteleze."
Ndivyo walivyofanya, akasema, yeye na wenzake wa kiwanda cha pamba,
Jumamosi usiku kucha, bila tone la pombe,
suruali pana kama mapazia,
asubuhi wakirudi kwa treni, nywele zimelowa, miguu myeupe,
abiria wa kanisani wakiwahama viti.

Nikamwaga. Kampuni isijue.
Yeye kitini, kisigino kimoja tu kikifanya kazi,
kisigino chenye akili kuliko mwili wangu mzima.
Mimi katikati ya jiko, sare ya zambarau, glavu mikononi,
nikateleza kushoto,
nikagonga friji.
"Mapema mno!" akapiga kelele.
Halafu, taratibu: "Vizuri. Hata yeye."

Fomu inauliza: amekula? dawa? ngozi ina jeraha?
Ndiyo, ndiyo, hapana.
Penye "mengineyo" nikaandika:
sakafu imefagiliwa.

Kwa Bwana Hargreaves nilikuwa nimeshachelewa dakika sita;
atanuna, na ana haki.
Mvua ilikuwa ile ya Rochdale,
hainyeshi, haiachi.
Kituoni nikatazama viatu vyangu vyeusi:
vyeupe hadi kwenye kamba.
Mzee mmoja mwenye mbwa akavitazama pia,
akanitazama mimi, akatabasamu kama anayekumbuka deni.
Na basi lilipochomoza konani
nilikuwa nimeshanyanyua mguu,
ngoma bado.