Kiti cha Mlangoni

Kilikuwa na miguu minne kama viti vyote,
lakini miaka mitatu sikuwahi kuuona mgongo wake.
Juu yake: sare ya Tunu, leso mbili zilizopoteza jozi,
shati la Kombo linalonuka godauni la Shimanzi,
soksi mjane, bili ya maji ya tangu Rajabu,
na chini kabisa, kama mwamba uliozama,
blanketi la mtoto ambaye sasa ana ndevu.

Nilikipita nikisema, kesho.
Kesho ikaongeza suruali.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Akaja Bi Mwanahamisi, asubuhi saa moja na nusu,
bakuli la mbaazi mkononi, moshi wa nazi bado unapaa.
Nikasema karibu, karibu ukae,
na sote wawili tukatazama pa kukaa.
Hakusema kitu. Aliniachia bakuli,
akadai ana haraka.
Bi Mwanahamisi, tangu lini ana haraka?
Mgeni alikuja. Mwenyeji akaumbuka.

Siku hiyo niliapa mambo makubwa:
kuta zipakwe chokaa, kabati lipangwe kwa rangi,
niwe nimeamka kabla muadhini hajakohoa.
Kiapo kiliishi siku mbili.
Ya tatu niliamka mwuza maji keshapita na mkokoteni wake,
mitungi mitupu,
na kiti kinanicheka kwa meno ya zipu.

Basi nikajipunguzia.
Nikasema: kiti tu.
Tangu ninapobandika sufuria
mpaka chai inapopanda kutaka kumwagika
nitashughulika na kiti, na kingine nisikiguse.
Chai ya rangi yenye tangawizi ya kuponda
huchukua muda wa kukunja leso nne,
kutundika shati, kuitia bili droo ya bili.
Nimeupima. Si kwa saa, kwa mvuke.

Wiki ya kwanza mikono ilinung'unika.
Wiki ya pili ilitangulia, mimi ningali usingizini.
Tena ikawa kama chai inachelewa, au mimi ndiye nimekuwa mwepesi,
nikabakiwa na nafasi ya pumzi kumi hivi.
Nikaipa ufagio wa chelewa:
uvunguni mpaka kizingitini,
maana mchanga wa Mtopanga huingia na kila kiatu
na hauombi ruhusa.
Tunu naye, bila kuambiwa
(nilimwambia mara mia, lakini hiyo ilikuwa zamani),
akaanza kuosha kikombe chake.
Kimoja. Cha kakake hakigusi.

Sisemi nyumba inang'aa.
Chumba cha nyuma sikizungumzii;
kina mlango, na mlango una kazi yake.

Sasa Kombo.
Kombo hulinda usiku, hurudi kwa miguu juu ya Daraja la Nyali
wakati wenzake wanaenda kazini.
Miaka yote alivua buti amesimama, mkono ukutani.
Pale ukutani pana alama ya kiganja,
ya kahawia, kama hina iliyochuja.
Kisha kitandani, moja kwa moja, kimya.
Nilidhani ndivyo apendavyo.

Jumatano ile aliingia, akatua tochi,
akaona kiti kina mgongo, kina kikalio.
Akakaa.
Akavua buti la kwanza, akalishika mkononi
kana kwamba kuna mtu kamuuliza swali.
Halafu akanieleza habari ya paka wa godauni
aliyezaa ndani ya gunia la mchele,
watoto watano, mmoja mweupe pe,
na jinsi yeye, mlinzi, na rungu lake,
alivyolinda gunia hilo moja usiku kucha
akayaacha mengine kwa Mungu.

Chai ikapanda, ikafurika, ikazima moto.
Niliisikia. Sikuinuka.

Baadaye nilifuta jiko.
Hilo nalo sasa
limeingia katika mambo ya asubuhi.