Biskuti za Mkono Mmoja

Mchanga nimeuchota Igombe, mwenyewe, kwa ndoo ya rangi,
nikauosha mara tatu, nikauanika juu ya jabali
hapa Mabatini, ambako kila nyumba imeegemea jiwe
kama mtoto aliyesinzia begani kwa mtu.
Mchanga huo ndio oveni yangu:
sufuria kubwa, kigae cha chungu kilichovunjika,
makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

Unga wa ulezi, vikombe viwili.
Karanga za Magu, nimezikaanga hadi ganda likakubali kutoka,
nikazitwanga nusunusu, meno yapate kazi.
Ufuta, konzi moja.
Ndizi mbivu tatu, zile zenye madoa meusi
ambazo mwenye genge huzificha nyuma ya nyanya.
Sukari sikutia. Ndizi ina maneno yake.
Yai. Alizeti. Chumvi ya kidole.

Mama Ng'wasi wa ng'ambo ya mfereji akachungulia:
"Mzazi hapewi biskuti! Mzazi ni uji, ni supu ya sato,
kichwa chake hasa, na macho yake."
Nikamjibu, uji unataka kikombe, supu inataka bakuli,
na vyote viwili vinataka mkono wa pili.
Saa nane za usiku, mtoto yuko titini,
mkono wa pili uko wapi?
Akanyamaza. Kalea saba yule, anaujua usiku.
"Basi zidisha karanga," akasema, akaenda zake.

Mpiko wa kwanza uliungua, kuku wakala.
Wa pili ukatoka na rangi ya mwamba uliolowa mvua.
Sisemi zinaleta maziwa.
Nesi kasema maziwa huitwa na mtoto mwenyewe, kwa kunyonya,
na mama apate kula, apate kunywa, apate kulala.
Kulala siwezi kumpikia.

Sijasema bado nampikia nani.

Kabula, wifi yangu.
Miezi kumi na minne hatujasemezana.
Tulipomzika mama kule Misungwi, cherehani yake ilikwenda kwa Kabula,
mimi nikapewa mkasi.
Nilisema neno. Naye akasema lake.
Tangu hapo kaka yangu hupita kati yetu
kama mtu anayevuka lami: kulia, kushoto, kulia tena, mbio.

Nikazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikafunga kwa kanga,
nikapanda ngazi za mawe hadi kwake.
Chini huko kivuko cha Kamanga kilipiga honi,
nikasimama kidogo, nikajidai nakitazama.

Hodi.
Pazia. Harufu ya maziwa yaliyochachia kwenye nguo.
Kulwa kwenye titi la kushoto,
Doto kwenye titi la kulia,
na mama yao katikati, kainama, nywele hazijaguswa wiki.
Nilijua ni mapacha. Mtaa mzima ulijua.
Lakini hesabu yangu ya jikoni
muda wote ilikuwa ya mtoto mmoja.

Kopo mkononi, sina pa kuliweka.
Cherehani iko pale kona, imeanikwa nepi,
gurudumu lake limevaa soksi ndogo ya manjano.
Aliona nilikotazama. Hakusema.
Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni.

Nikapiga magoti kwenye mkeka.
Nikavunja moja, nikaipeleka kinywani mwake.
Alingoja, kwanza, kana kwamba kuna sharti linafuata.
Kisha akafungua.
Alitafuna polepole, macho yamefumba,
na chembe za ufuta zikamdondokea Doto utosini;
nikazipuliza, moja moja, asishtuke.

"Chumvi imezidi," akasema Kabula.

Nikavunja nyingine.