Askari wa Saruji

Kutoka Naryn, gari la Talantbek likihema mlimani,
tukamkuta wa kwanza: askari wa saruji,
pua imemeguka,
kinyesi cha kunguru begani kama cheo.
Shangazi Burul akashuka, akamfuta kwa leso.
"Baba," akasema.

Kijiji cha pili, askari yuleyule,
kalibu moja, uso mmoja,
ila huyu kapakwa rangi ya fedha
hadi kwenye kope.
Shangazi akashuka tena.

Cha tatu, mdomo ukaniwasha:
"Shangazi, kwani nina babu wangapi?"

Akamimina maziwa ya farasi
miguuni pa yule bwana, polepole, asirushe tone.
"Barua haikusema alikolala.
Namwamkia kila aliposimama."

Cha nne, mvua.
Talantbek akazima injini
bila kuambiwa.