Sugu

Gia ya kwanza ilirudi imefungwa kwenye kitenge,
meno kumi na saba, manne hayapo.
Bi Nyabhenda aliitua mezani
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
Hakuongeza neno.

Ilikuwa kazi yangu. Springi ya lori,
niliichonga, nikaichoma hadi ndani, nikaitosa majini ikipiga ukelele,
nikajisifu: ngumu kama gumegume!
Wiki moja tu pale Mwandiga,
kokwa la chikichi likakwama,
ikapasuka kama bilauri.

Mpozemenya akainua kipande kwenye mwanga.
"Umeigumisha mpaka moyoni.
Sasa ingejikunjia wapi?"

Safari hii chuma laini, cha bei ndogo.
Tukakilaza ndani ya boksi la bati nene,
tukakizika kwa unga wa mkaa wa mninga
na mifupa ya ng'ombe (niliitwanga mimi,
siku mbili kamasi zangu nyeusi),
tukaziba mfuniko kwa udongo wa kichuguu.

Moto tangu magharibi.
Saa nne umeme ukakatika, feni ikanyamaza,
nikashika mvukuto.
Saa nane boksi lilikuwa na rangi ya mawese mapya.
"Mkaa unaingia chumani," alisema,
"kidogokidogo. Saa sita, unene wa ukucha.
Chuma kinaota sugu."

Sugu.
Nikamkumbuka mama, kabla ya mashine,
na mti wa kukorogea mapipa.
Mwiba ulipinda kwenye kiganja chake.
Kiganja kilekile, usiku,
kilijua homa yangu kabla yangu.

Alfajiri tukavunja udongo.
Pipa la mawese lilikuwa tayari, lita ishirini,
Bi Nyabhenda alizitoa akihesabu hasara.
Gia ikazama. Haikupiga ukelele,
ilikoroma,
na karakana nzima ikanukia maharage.

Nikapitisha tupa juu ya jino.
Ikateleza.
Nikapitisha tena, kwa nguvu, kwa kutoamini.
Ikateleza, na tupa ndiyo iliyolika.

Bi Nyabhenda akaigeuza, akaigeuza.
"Mbona sioni tofauti?"
"Haionekani," nikasema.
Akahesabu noti, akaishia katikati,
nyingine akazirudisha kifundoni.
"Nusu hii ya jasho lako.
Nusu iliyobaki
utalipwa siku kokwa litakapokwama tena."