Nta ya Ithel

Lilizimika tena pale pale,
penye lango la chuma lililoegemea jiwe,
kama punda aliyeona kitu nisichokiona mimi.
Dakika kumi na moja. Nilihesabu.

Trekta la kijivu, limemzidi mama yangu umri,
na nyasi za Tregaron zimeshakatwa, zimelala chini,
na redio ya jikoni imesema: Alhamisi, mvua.
Leo Jumanne.

Bi Gwenllian alikuja na fimbo na mbwa wake kiziwi,
akasimama upande unakotoka upepo. "Shem," aliita.
Mimi ni Shemdoe; nusu ya jina langu
hukwama njiani kila anaponiita,
nami nimeshaacha kuisukuma.

Fundi wa shamba la mkonge kule Muheza,
aliyenishikisha spana ya kwanza,
alikuwa na sheria moja na matusi mengi:
usifungue kikubwa kabla ya kidogo.
Basi, plagi. Cheche ya buluu, haina neno.
Halafu lile bomba jembamba la shaba:
nikalilegeza kwenye kabureta, nikakinga chupa ya jamu.

Petroli ikaja. Ikaja kwa wingi,
hata nikaanza kuiomba radhi kwa kuitilia shaka,
kisha ikawa uzi,
kisha ushanga,
kisha tone lililofikiri sana kabla ya kuanguka.

Nikafungua kikombe cha kioo chini ya koki:
mashapo, kutu laini kama ugoro,
ubawa mmoja wa nyigu. Nikaosha, nikafuta kwa shati.
Nikatia mdomo bombani, nikapuliza kuelekea tangini
(ladha yake sijaimaliza kuitema mpaka leo),
mapovu yakapanda, yakanijibu gulu gulu.
Nikafunga. Likawaka mara moja.
Dakika kumi na moja. Lango. Kimya.

Hapo matusi ya fundi yakanijia yote, kwa mpangilio.
Nikalilegeza bomba tena, chupa ikadondokewa,
nikapanda juu kuchungulia ndani ya tangi.
Kifuniko kikagoma,
kikang'ang'ania kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa,
kisha, fyuuu,
tangi likavuta pumzi ya mtu aliyeibuka kutoka majini,
na kule chini petroli ikaanza kububujika chupani.

Nikacheka peke yangu. Si koo, ni pua!
Siku nzima nimempasua koo mtu aliyezibwa pua.

Nikakigeuza kifuniko.
Kitundu cha kupumulia, kidogo kuliko punje ya ulezi,
kimezibwa kwa nta ya mshumaa,
imekandamizwa ingali moto,
na juu yake mistari yote ya dole gumba,
duara ndani ya duara, kama kisiki kipya,
na kovu moja limezikata zote.

"Ithel," alisema, kabla sijauliza.
Novemba, paa la banda lilivuja juu ya trekta.
Alitoka na mshumaa baada ya chakula cha usiku.
Alfajiri, gari la wagonjwa.
Katikati hapo hakuwa na nafasi ya kumwambia mtu
habari za tundu.

Nilitoa bisibisi. Akakichukua kifuniko mkononi mwangu,
akakaa nacho juu ya jiwe. Mbwa naye akakaa.
Mimi nikatazama nyasi.
Alisema kitu kwa Kiwelshi, kifupi,
kwa sauti ya kumfunga mtu vifungo vya shati,
nadhani alimwita mpumbavu.
Akachomoa pini kwenye nywele,
akaichoma nta katikati kabisa, mistari inapoanzia,
akazungusha, akachomoa, akapuliza.
Hewa ikapita. Dole likabaki.

"Haya," akanirudishia.

Likawaka. Nikahesabu: nane, tisa.
Langoni nilikuwa nimebana pumzi yangu mwenyewe.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Saa tatu usiku, na jua la huko bado liko kazini,
na reki nyuma yangu inazigeuza nyasi,
upande mbichi ukija juu,
nami bado nahesabu.